Nimebuni timu ya hoki ya barafuni: mbona historia yake haiaminiki?

Swali: "Ninaandika riwaya kuhusu timu ya hoki ya barafuni katika mji mdogo wa kubuni ulioko Ontario, Kanada. Nimeipa timu hiyo historia ya zaidi ya miaka 100. Ilianzishwa mwaka 1893 na wafanyakazi wa kiwanda cha mbao, na hadi leo ina jina lilelile la mnyama mkali, jezi zilezile nyekundu na ukumbi uleule. Tangu enzi za mwanzo mashabiki wake hurusha pweza kwenye barafu, na wachezaji hawanyoi ndevu wakati wa mechi za mtoano. Mwaka 1935 ilitwaa Kombe la Stanley, taji kuu la mchezo huu. Rafiki yangu mmoja aliyekua akiucheza mchezo huu alisoma sura tatu za kwanza akaniambia kwamba historia yote inasikika kama tangazo la biashara. Niliumia, maana nimeifanyia kazi sana. Kosa liko wapi? Nichague timu moja ya kweli niinakili, au niiondoe historia kabisa nibaki na mchezo wenyewe?"

Ndugu mwandishi,

Katika swali lako naona hofu mbili zilizoshikana. Ya kwanza ni kwamba umekosea tarehe fulani na wanaoujua mchezo watakukamata. Ya pili, ambayo nadhani ndiyo iliyokuumiza, ni kwamba timu ya kubuni haiwezi kamwe kuwa na uzito wa timu ya kweli. Hofu ya kwanza ina msingi, na nitakuonyesha mahali pa kurekebisha. Ya pili haina. Timu yako haisadikiki kwa sababu haijawahi kupatwa na jambo lolote: ilizaliwa, ikapendwa, ikashinda, na kila kitu chake kimebaki kama kilivyokuwa siku ya kwanza. Klabu halisi za hoki hazikuishi hivyo. Zimeunguliwa na kumbi zao, zimefilisika, zimebadili majina na rangi, zimepoteza vijana vitani, na karibu kila desturi inayoenziwa na mashabiki wake ilianza kwa tukio dogo ambalo aliyelifanya hakukusudia liwe desturi.

Tuanze na mwaka 1893, ambao umeuchagua vizuri. Mechi ya ndani inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuandaliwa rasmi ilichezwa Montreal tarehe 3 Machi 1875, katika ukumbi wa Victoria Skating Rink, chini ya uongozi wa James Creighton, ikiwa na wachezaji 9 kila upande. Chama cha hoki cha Ontario kiliundwa mwaka 1890. Kwa hiyo mji mdogo wa Ontario kupata klabu mwaka 1893 ni jambo linaloaminika kabisa. Hata hivyo, mchezo waliocheza watu wako haukuwa huu tunaoutazama leo. Kila upande ulikuwa na wachezaji 7, na mmoja wao hakuwa na nafasi maalumu bali alizunguka uwanja mzima, akishambulia na kulinda kadiri mchezo ulivyomhitaji. Mechi iligawanywa katika vipindi 2 vya dakika 30, na vile vipindi 3 vya dakika 20 tunavyovijua vilikuja mwaka 1910. Kisahani, kile kinachochezwa badala ya mpira, hakikuruhusiwa kupasiwa mbele: mchezaji aliyemtangulia mwenzake mwenye kisahani alikuwa ameotea, kama ilivyo katika raga, na NHL, ligi kuu ya kulipwa ya Amerika Kaskazini, haikuruhusu pasi za mbele katika sehemu zote za uwanja hadi msimu wa 1929-30. Goli lilikuwa nguzo mbili tu, bila wavu, na mwamuzi wa goli alisimama juu ya barafu nyuma yake akiamua kwa macho kama bao limeingia. Unaweza kukisia mwenyewe ugomvi uliozuka katika miji midogo ambako mwamuzi huyo alijulikana na kila mtu.

Mlinda mlango naye alitakiwa kusimama. Kujiangusha kwenye barafu ili kuzuia kisahani kulikuwa kosa, na NHL iliondoa katazo hilo Januari 1918. Kinga za miguu zenyewe ziliazimwa kutoka mchezo mwingine: George Merritt wa Winnipeg Victorias alicheza akiwa amevaa kinga za kriketi katika mechi ya kuwania Kombe la Stanley Februari 1896, na klabu yake ikashinda. Barakoa ilichelewa mno. Wapo waliowahi kuijaribu kabla, lakini ilianza kuwa vazi la kawaida baada ya tarehe 1 Novemba 1959, pale Jacques Plante wa Montreal Canadiens, aliyepasuliwa uso na mkwaju wa Andy Bathgate jijini New York, alipokataa kurudi uwanjani bila kuivaa. Ikiwa yupo mlinda mlango wako anayeonekana na barakoa kabla ya hapo, mvue, au mpe sababu ya kuwa mtu wa pekee.

Sasa nifike kwenye kiwanda cha mbao, ambacho rafiki yako huenda hakukitaja ingawa mimi kimenisumbua kuliko tarehe zote. Katika nchi ya misitu ya Ontario, miti ilikatwa majira ya baridi, kwa sababu magogo yaliburutwa kwa urahisi juu ya theluji. Yalielea kwenye mito barafu ilipoyeyuka, kisha yakapasuliwa viwandani wakati wa joto. Maana yake ni kwamba wanaume wengi unaotaka kuwafanya waanzilishi wa klabu walikuwa kambini msituni katika miezi ileile ambayo barafu ilikuwa imara. Klabu nyingi za awali zilijazwa na vijana wenye kazi za ndani: wanafunzi, mawakili chipukizi, wauzaji wa maduka na makarani wa benki. Kazi ya mezani aliyopewa kijana hodari wa kufunga mabao ilikuwa njia ya kumlipa bila kuonekana kwamba amelipwa. Nakushauri uache klabu yako ianzishwe na makarani na wenye maduka, halafu wapasua mbao waingie baadaye, pengine kwa kugombania nafasi. Hapo utakuwa na mgogoro wa kweli wa mji wako, na hutalazimika kuutafuta kwingine.

Mgogoro huo unahusu pia fedha, jambo ambalo historia yako haikuligusa kabisa. Katika miaka hiyo chama cha Ontario kilishikilia uchezaji wa ridhaa kwa ukali sana, na mchezaji aliyethibitika kupokea malipo alifungiwa. Waliotaka kulipwa waziwazi walivuka mpaka. Mwaka 1904, katika eneo la migodi ya shaba la Houghton, Michigan, nchini Marekani, ndipo lilipokuwa chimbuko la ligi ya kwanza iliyokiri kulipa wachezaji wake, na mmoja wa walioisukuma alikuwa daktari wa meno Jack Gibson, mzaliwa wa Ontario. Mji wako ungeona vijana wake bora wakiondoka kuelekea huko. Pengine mmoja angerudi akiwa na koti jipya, na klabu ingelazimika kuamua kama inamjua au haimjui.

Kuhusu jina, siwezi kusema kwamba jina la mnyama halikuwezekana, lakini halina harufu ya mwaka 1893. Klabu za wakati huo zilijiita Victorias kwa heshima ya malkia, au Wanderers, au zilichukua alama ya watu waliozianzisha: Shamrocks ya Montreal ilikuwa ya Waairishi, na Thistles ya Kenora ilichukua ua la Waskoti. Jina lilimwambia mgeni ni kina nani waliokuwa mezani siku ya kuanzishwa. Wala majina hayakudumu. Timu ya Toronto iliyoitwa St. Patricks ilinunuliwa na kundi la Conn Smythe mwaka 1927 ikawa Maple Leafs, na rangi ya kijani ikaiachia nafasi buluu. Hata miji ilibadili majina: Berlin ya Ontario ilijiita Kitchener mwaka 1916, wakati wa vita dhidi ya Ujerumani. Ukiipa timu yako jina la kwanza linaloonyesha asili ya waanzilishi, kisha jina la pili lililoletwa na mnunuzi au na vita, msomaji ataanza kuhisi kwamba muda umepita kweli.

Kombe la Stanley la mwaka 1935 ndilo kosa zito kuliko yote, na hapa sitakubembeleza. Mwaka huo lilitwaliwa na Montreal Maroons, na kila mpenzi wa hoki anaweza kulithibitisha hilo kwa dakika moja. Lakini usikate tamaa, kwa sababu wazo lako la mji mdogo kushinda kombe hilo si ndoto. Bwana Stanley, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Kanada, alilitoa mwaka 1892, likashindaniwa tangu 1893 kama kombe la changamoto: klabu iliyotwaa ubingwa wa ligi yake iliweza kumwandikia mshikilizi barua ya kumkabili, na wadhamini wakikubali, mechi inachezwa. Kwa njia hiyo Kenora Thistles, kutoka mji wa watu elfu chache tu kaskazini-magharibi mwa Ontario, waliwashinda Montreal Wanderers Januari 1907. Machi ya mwaka huohuo Wanderers wakalichukua tena. Mlango huo ulijifunga polepole, na kuanzia msimu wa 1926-27 ni timu za NHL pekee zilizoliwania.

Hivyo una njia tatu, na zote ni halali. Unaweza kuirudisha changamoto yako nyuma hadi kati ya 1893 na 1912 hivi, lakini ukishinda utakuwa umemwondoa bingwa halisi kwenye orodha inayojulikana sana, na sehemu ya wasomaji wako itakukatalia. Unaweza kuibakiza miaka ya 1930 na kubadilisha kombe: Kombe la Allan, lililotolewa mwaka 1908 kwa ajili ya timu za ridhaa za watu wazima, ndilo lililokuwa ndoto ya mji kama wako. Trail Smoke Eaters, kutoka mji wa kiwanda cha kuyeyushia madini huko British Columbia, walilitwaa mwaka 1938, wakaenda Ulaya kuiwakilisha Kanada, na mwaka 1939 wakawa mabingwa wa dunia. Hata hapo mwaka unaouchagua una bingwa wake, ila msomaji anayemkumbuka ni nadra. Njia ya tatu, ambayo mimi ningeichagua, ni kushindwa. Mwaka 1905 timu ya Dawson City ilisafiri kutoka Yukon kwa miguu, meli na treni, safari ya takriban kilomita 6,400, ili kuikabili Ottawa, mshikilizi wa Kombe la Stanley. Ilifungwa 9-2, kisha 23-2, Frank McGee akipachika mabao 14 katika mechi ya pili. Wengi wasioweza kutaja bingwa wa mwaka wowote ule wa zama hizo wanaijua safari ya Dawson. Kushindwa huko kulihifadhiwa kwa sababu ndani yake kuna watu waliojitoa, na barua moja ya changamoto iliyojibiwa "ndiyo" inatosha kuupa mji mdogo habari ya kusimulia kwa vizazi vitatu.

Nimefika kwenye desturi, na naomba tukae hapa kwa muda, kwa sababu ndipo ilipo roho ya swali lako. Dhana iliyoenea ni kwamba desturi huanza pamoja na klabu. Ukweli ni kwamba kila moja ina siku yake, mahali pake, na mara nyingi mtu wake. Pweza unaowarusha tangu enzi za mwanzo ni wa Detroit. Tarehe 15 Aprili 1952 ndugu wawili, Pete na Jerry Cusimano, waliokuwa na duka la samaki, walimrusha pweza kwenye barafu ya ukumbi wa Olympia. Sababu yao ilikuwa hesabu: pweza ana mikono 8, na wakati huo timu ilihitaji ushindi wa mechi 8 katika mtoano ili kutwaa kombe. Red Wings, timu ya Detroit, walishinda zote 8 bila kupoteza hata moja. Zingatia yaliyofuata. Hesabu ile ilikoma kuwa kweli: tangu 1987 bingwa anahitaji ushindi wa mechi 16, na pweza hajaota mikono mingine. Desturi haikufa. Sababu iliondoka, kitendo kikabaki, na kilichobaki kikawa cha watu wa Detroit zaidi kuliko kilivyokuwa mwanzo. Mji wako wa mbao hauna duka la samaki wa baharini wala hesabu hiyo. Pweza kwake ni nguo ya kuazima, na rafiki yako aliiona.

Mifano mingine itakuonyesha mwendo huohuo. Oktoba 1995, Scott Mellanby wa Florida Panthers aliua panya kwa gongo lake katika chumba cha kubadilishia nguo, kisha akaenda kufunga mabao mawili. Habari ikatoka nje ya chumba, mashabiki wakaanza kurusha panya wa plastiki kila bao lilipoingia, na ilipofika fainali ya 1996 walikuwa wengi kiasi cha kusimamisha mchezo, hata ligi ikaweka adhabu. Aprili 1982 huko Chicago, kocha Roger Neilson wa Vancouver Canucks, akiwa amekasirishwa na waamuzi, alitundika taulo jeupe kwenye gongo na kulipunga kama mtu anayesalimu amri. Alifukuzwa uwanjani, na katika mechi iliyofuata nyumbani maelfu ya mashabiki walipunga mataulo yao. Ishara ya uchungu iligeuka kuwa ya kuishangilia timu. Mambo hayo mawili yana kitu ambacho historia yako haina: mamlaka inayokasirika. Ukitaka desturi ionekane hai, mpe mtu fulani sababu ya kuikataza.

Ndevu za mtoano zinahusishwa na New York Islanders waliotwaa kombe mara nne mfululizo, 1980 hadi 1983. Kabla ya hapo wachezaji wengi wangeonekana wachafu tu. Kustaafisha namba ya jezi kulianza katika NHL tarehe 14 Februari 1934, Toronto ilipoiweka kando namba 6 ya Ace Bailey, ambaye miezi miwili kabla alikuwa amejeruhiwa vibaya kichwani, baada ya kuangushwa na Eddie Shore wa Boston, asiweze kucheza tena. Kurusha kwenye barafu wanasesere wa dubu wa kupewa watoto walio hospitalini baada ya bao la kwanza la nyumbani ni desturi ya juzi: timu ya vijana ya Kamloops Blazers ilifanya hivyo Desemba 1993, na Januari 2025 mashabiki wa Hershey Bears walirusha zaidi ya 100,000 katika siku moja. Naipenda sana desturi hiyo ya mwisho, kwa sababu ni ya timu za daraja la chini zilizo karibu na watu wake, na inaweza kuingia katika sura zako za kisasa bila mtu kuuliza lolote.

Ipo pia desturi isiyokuwa na mzazi mmoja, nayo ni ya kurusha kofia mchezaji anapofunga mabao matatu. Neno lenyewe, hat-trick, lilitoka kwenye kriketi, lakini ni nani aliyelileta kwenye barafu? Wapo wanaosema ni muuza kofia wa Toronto aliyewazawadia wafungaji, na wapo wanaosema ni timu ya Guelph iliyofadhiliwa na kampuni ya kofia. Usijaribu kuamua. Jifunze kutoka hapo kwamba desturi halisi mara nyingi ina simulizi mbili zinazopingana, kila moja ikiwa na familia inayoitetea. Timu yako ina simulizi moja tu kwa kila jambo, tena imeandikwa vizuri mno.

Kwa hiyo nikupendekezee desturi inayotoka kwenye udongo wa mji wako. Kiwanda kilikuwa na king'ora cha mvuke kilichoita wafanyakazi kazini. Tuseme siku moja mlinzi wa zamu, aliyesikia kelele za ukumbini, alikipiga usiku bao lilipoingia, na akakatwa mshahara kwa kuamsha mji. Msimu uliofuata wenye kiwanda wenyewe waliruhusu. Kiwanda kilipofungwa, king'ora kilihamishiwa ukumbini, na sasa vijana wanaokisikia hawajawahi kuuona ubao ukipasuliwa. Jambo hili halitamshangaza mtu, kwa sababu honi inayopigwa bao likiingia ilisambaa katika ligi kutoka Chicago baada ya fainali za 1973, na ilikuwa honi ya aina inayofungwa kwenye mashua. Watu wako wangekuwa wamefanya hivyo mapema, kwa sababu zao wenyewe.

Ukumbi uleule tangu 1893 hauwezekani, au tuseme ungekuwa muujiza. Kumbi za mwanzo zilikuwa za mbao, zikiwashwa taa na majiko, na ziliungua kila mara. Tarehe 2 Januari 1918 ukumbi wa Montreal Arena uliteketea, na Wanderers, klabu iliyokuwa imetwaa Kombe la Stanley mara kadhaa, ikafa papo hapo baada ya michezo michache tu ya NHL. Barafu nayo ilikuwa ya asili: madirisha yalifunguliwa, maji yakamwagwa, na baridi ikafanya kazi yake. Joto la ghafla lilimaanisha kucheza kwenye maji au kuahirisha. Ndugu Frank na Lester Patrick walijenga kumbi za kwanza za barafu ya mitambo nchini Kanada, huko Victoria na Vancouver, mwaka 1911. Miji midogo ilisubiri miongo mingi. Katika mfumo huo amonia hupoza maji ya chumvi, na maji hayo hupita katika mabomba yaliyolazwa chini ya sakafu yakinyonya joto kutoka kwenye barafu iliyo juu. Wazee wa kumbi wanaijua harufu ya amonia na kuiogopa, kwa kuwa ni sumu. Mashine ya kulainisha barafu ilibuniwa na Frank Zamboni huko California mwaka 1949. Kabla yake, wanaume na vijana waliikwangua kwa makoleo, wakafagia, kisha wakavuta pipa la maji ya moto. Maji ya moto yalipendelewa kwa sababu huyeyusha kidogo sehemu ya juu, yakajaza mikwaruzo na kushikana nayo yanapoganda. Kijana anayevuta pipa hilo ili aingie bure mechini ni mhusika ambaye ningependa kumsoma.

Ongeza na mapengo ya historia kubwa. Mwaka 1917 Kikosi cha 228 cha jeshi la Kanada, kilichokuwa na timu yake katika ligi ya juu, kiliitwa kwenda Ulaya katikati ya msimu. Mwaka 1919 fainali kati ya Seattle na Montreal ilivunjwa na homa ya mafua, na Joe Hall wa Canadiens akafariki. Winnipeg Falcons, vijana wa asili ya Aislandi waliokuwa wametengwa na klabu kubwa za mji wao, walikwenda vitani pamoja, wakawapoteza wenzao wawili, kisha waliobaki wakashinda dhahabu ya Olimpiki huko Antwerp mwaka 1920. Haiwezekani mji wako uvuke miaka hiyo bila picha ya timu yenye nyuso zisizorudi.

Tena, usiiandike klabu ya wanaume weupe peke yao kana kwamba ndio waliokuwapo. Wachezaji weusi wa Halifax na miji jirani walikuwa na ligi yao tangu 1895, na walinda milango wao walijiangusha kwenye barafu miaka mingi kabla ya NHL kuruhusu. Wanawake wa Preston Rivulettes, timu ya mji mdogo wa Ontario kama wako, walitawala hoki ya wanawake ya Kanada katika miaka ya 1930 hadi vita vilipowasimamisha. Mafundi wa Mi'kmaq, wenyeji wa asili wa mashariki mwa Kanada, walichonga magongo yaliyouzwa Kanada nzima. Mashabiki wengi wa zamani hawakusimulia mambo haya, na mwandishi anaweza kuonyesha ukimya huo bila kuushiriki.

Uliuliza kama uinakili timu moja ya kweli. Faida yake ni kwamba matukio yatafuatana kwa mantiki, kwa sababu yalifuatana hivyo maishani. Hasara ni kwamba wanaoijua watasoma kila tofauti kama kosa, na familia za watu halisi zitajiona ndani ya kitabu bila kuulizwa. Kuondoa historia kabisa kunawezekana ikiwa riwaya inakaa ndani ya msimu mmoja na vichwa vya wachezaji vijana, lakini umesema historia hiyo umeifanyia kazi sana, na nadhani ungejutia. Mimi naunga mkono njia ya kati: chukua visababishi kutoka sehemu nyingi (moto, mnunuzi, vita, joto la ghafla, karani aliyepewa kazi) na uvipange upya katika mji wako. Halafu usitusimulie historia kama mtaalamu wa klabu. Tupe kile tu ambacho wahusika wanakijua, pamoja na makosa yao. Kibao cha mlangoni kinaweza kusema 1893 wakati gazeti la zamani linaonyesha klabu ilianza miaka mitatu baadaye, na mwanamke mmoja mzee akawa ndiye anayelijua hilo na ameamua kunyamaza.

Yapo mambo ambayo barua hii haiwezi kukupa. Ukiweza kufika kwenye ukumbi wa barafu wowote, nenda asubuhi kabla ya watu kujaa, uombe kuzungumza na anayetunza barafu. Watu wa kazi hiyo hujua ni upande gani wa uwanja unaolainika kwanza, na nahodha gani hulalamika. Makumbusho ya miji midogo ya Ontario na magazeti yake ya zamani yana taarifa za mechi zilizoandikwa usiku uleule, na msomaji wa kumbukumbu hizo atakusaidia kupata lugha na bei za wakati husika. Mpe rafiki yako sura zilizorekebishwa, ila safari hii muulize maswali mahususi kuhusu chumba cha kubadilishia nguo, safari za basi na baridi ya viganja, kwa sababu hayo hayamo kwenye nyaraka. Ukikusudia kutumia nembo ya klabu iliyopo, au kumfanya mchezaji aliye hai aseme na kutenda mambo ambayo hakuyafanya, onana ana kwa ana na mwanasheria wa hakimiliki na kashfa kabla mswada haujafika kwa mchapishaji. Kuandika kwamba mji wako ulisoma gazetini habari za ushindi wa Kenora Januari 1907, na ukaamua wiki hiyohiyo kuandika barua yake ya changamoto, hakuhitaji ruhusa ya mtu yeyote.